Baba Yako Amepumzika

Jumapili, tarehe 2

Mwanangu Mkaidi,

Barua yako imeingia kwenye simu nikiwa nimeshika pasi ya moto, nusura niiunguze suruali ya mwalimu mkuu. Nimeisoma mara ya kwanza kwa haraka, ya pili kwa miwani, ya tatu kwa sauti kubwa ili baba yako asikie kule dirishani.

Wateja hawanielewi mpaka leo. Mtu analeta mashati yake, ananiuliza, dobi, yule mtoto wa kaka yako yuko wapi siku hizi? Namwambia yuko baharini peke yake, anapiga makasia kutoka ng'ambo mpaka huku kwetu. Injini? Hana. Tanga? Hana. Basi anamkimbia nani? Namwambia hamkimbii mtu, anarudi nyumbani, kachagua njia ya kijinga tu.

Siku unaondoka ulituambia, habari mbaya yoyote msinitumie, hata ya msiba, mniache kwanza nifike. Haya, bahati yako, mbaya sina. Mwenye duka la dawa na mkewe wamegombana. Hakuna aliyeniambia, ila mashuka yao zamani yalikuja kwenye kapu moja, sasa yanakuja siku tofauti. Jirani wa juu kanunua viatu vinavyolia, akishuka ngazi mtaa mzima unajua anakwenda wapi, na mimi nishajua ni kwa nani, nitakwambia ukifika maana hili si la kuandika.

Baba yako kifua ni kile kile ulichokiacha. Hawezi kulala chali, anakaa kwenye kiti dirishani usiku kucha kama bado yuko juu ya winchi anapakua makontena. Si unakumbuka alivyokununia, ukaondoka hata mlango hakufungua? Sasa kila asubuhi ananituma nimpigie Mwangalizi wa safari yako nimuulize upepo unatoka wapi. Nikamwambia, kaka, si ulisema huna mtoto mwendawazimu? Akaniambia, nauliza upepo, sijauliza mtoto.

Leo kasema nikuandikie hivi: mashua haiendi kwa kuandika barua.

Shangazi yako,
Dobi


Jumatano, tarehe 5

Shangazi,

Nimecheka mpaka midomo ikapasuka. Chumvi imeikausha, kila nikicheka inatoka damu, kwa hiyo punguza.

Mwangalizi anasema nimekaribia. Mimi nilidhani ukikaribia nguvu zinaongezeka. Uongo. Huku mwishoni ndiko kubaya kuliko kote. Mwanzoni nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anavuta. Katikati nilizoea. Sasa akili imenitangulia, imeshafika nyumbani, imeoga, imekaa mezani inakula, na mwili umeachwa huku peke yake. Naushika ule mpini, nauangalia, nauliza wa nini huu.

Vidole havinyooki tena, vimejikunja kama bado vimeshika makasia hata nikilala. Makalio yana vidonda, nakaa kwa zamu, upande huu halafu upande ule. Kasia la kushoto nimelipa jina lako kwa sababu linapiga kelele. La kulia ni baba, haliongei, lakini nikilikosea linanipiga mbavuni.

Nikwambie kinachonivutisha sasa, usicheke. Sifikirii ushindi wala watu gatini. Namfikiria yule mzee kwenye kile kiti. Nikivuta mara moja, kiti kinasogea karibu kidogo. Basi. Nikifika nikamkuta amekaa, hata kama amenuna, sitaki kitu kingine duniani.

Niandikie hali yake. Nivute nikijua.

Mkaidi


Ijumaa, tarehe 7

Mwanangu,

Baba yako amepumzika.

Weee, acha tu, tumehangaika naye! Juzi usiku kifua kilimbana vibaya, nikasema leo ndiyo leo. Daktari kaja mwenyewe na mkoba wake, kamchoma sindano, kaniambia dada, tumefanya tunaloweza, sasa tumwache. Alfajiri nikamwona uso umelainika, ile mikunjo yote imetoka, kawa kijana kama zamani. Nikamfunika shuka, nikavuta pazia, nikakaa sakafuni nikalia, si unanijua mimi.

Asubuhi watu wakaanza kuja. Jirani wa juu kaja na viatu vyake vinavyolia, nikamwambia vua mlangoni. Mwenye duka la dawa na mkewe wakaja pamoja, unaona mambo, wakakaa kiti kimoja. Wote neno lao moja, afadhali, mzee aliteseka mno. Nimewachemshia chai, nimefunga duka, mashati ya watu yatangoja.

Kwa hiyo wewe usijitese tena kwa ajili yake. Hana maumivu. Vuta polepole, pona hayo makalio, hakuna haraka sasa.

Shangazi yako,
Dobi


Jumatatu, tarehe 10

Kwa Shangazi wa mpiga makasia,

Nakuandikia kwa sababu simu yako ina shughuli kila nikipiga. Tangu Ijumaa jioni mashua yake haiendi. Kwenye ramani yangu naona inachukuliwa na maji tu, haina mkono wa mtu. Hajibu ninachomwandikia. Kitufe cha kuomba msaada hajakibonyeza.

Jumapili upepo utageuka. Kama atakuwa bado hapo alipo, atasukumwa kupita bandari yetu mpaka kwenye miamba, na kule hakuna chombo kinachoweza kumsogelea. Meli ya karibu nimeshaiomba, haiwezi kumfikia kabla ya upepo. Njia iliyobaki ni mikono yake mwenyewe.

Naomba unijibu kwa ufupi. Ulimwandikia nini?

Mwangalizi


Jumatatu, tarehe 10, jioni

Shangazi,

Asante kwa kuniambia. Najua niliwakataza, na najua Mwangalizi atakugombeza. Usimsikilize. Afadhali wewe umesema.

Mlimzika na shati gani? Natumaini si lile la bluu lenye kola ngumu, lilikuwa linamkwaruza shingo.

Makasia nimeyaingiza ndani. Nilivuta kidogo siku ile baada ya kusoma, nikaona nakivuta kiti kitupu. Sasa nimelala kwenye kijumba cha mashua, ambacho ni kama sanduku, na mlango nimefunga. Bahari inanipeleka inakotaka. Si kubaya. Kifaa cha kutoa chumvi kwenye maji nimekizima kwa sababu kelele zake zinanikera.

Usilie sana.

Mkaidi


Jumanne, tarehe 11

WEWE MTOTO,

Nani kafa? Nani kamzika nani?

Nimesema amepumzika! Kupumzika! Mtu akikosa usingizi wiki nzima kisha akalala, anaitwaje, amefanya nini, amecheza ngoma? Kalala siku nzima na usiku wake kwa ile sindano, kaamka kaomba uji, kaukataa kwamba una mabonge, kaomba mwingine. Yuko hapa mbele yangu anakunywa! Nimemsomea barua yako, ile ya shati, kaweka kikombe chini, kasema, mwambie huyo mjinga sijafa, nikifa nitamwambia mwenyewe.

Mwangalizi kanifokea kwenye simu, mimi, mwanamke mwenye mvi, kanifokea kama mtoto aliyemwaga maziwa. Nikamwambia basi nifundishe Kiswahili wewe unayekijua. Kaniomba nimsomee nilichokuandikia. Halafu kasema kwa sauti ndogo, mama, hata mimi ningedhani amefariki. Nimeisoma tena barua yangu. Daktari, shuka, pazia, majirani, chai. Jamani. Nimejipiga paji la uso mpaka mteja kaniuliza kama nina malaria.

Washa hicho kifaa cha maji. Kunywa. Toa makasia. Jumapili upepo unageuka, kuna miamba. Baba yako YU HAI, nimeandika kwa herufi kubwa, sasa hilo nalo tafuta maana yake ya pili.

Shangazi yako


Jumatano, tarehe 12

Shangazi,

Nimekunywa maji, kwa heshima yako. Makasia bado.

Ungekuwa mimi ungeamini? Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia mnidanganye. Nilisimama pale dukani kwako, katikati ya mashati, nikasema hata kama ni baba, msiniambie, niandikieni tu kwamba anakunywa uji. Nilisema hivyo hivyo, uji. Ijumaa ulisahau ukasema kweli. Jumatatu Mwangalizi kakukumbusha. Jumanne baba kafufuka na uji mkononi.

Na yale maneno, nikifa nitamwambia mwenyewe, ni matamu mno. Yana mdomo wako.

Lakini nataka kuamini, Shangazi. Hujui ninavyotaka. Kwa hiyo mwulize kitu kimoja, ambacho hukijui wewe, kwa sababu hukuwepo. Nilipokuwa darasa la pili alinipandisha juu kabisa kwenye winchi, mimi na yeye tu. Alinipa kitu nikishike mpaka tuliposhuka. Kitu gani?

Akijibu, navuta.

Mkaidi


Alhamisi, tarehe 13

Mwanangu kipenzi,

Swali lako nimempelekea. Kacheka! Kacheka mpaka kakohoa, nikampiga mgongoni, kasema, kumbe bado anakumbuka? Basi kanisimulia yote, jinsi ulivyoshika suruali yake kwenye zile ngazi za chuma, jinsi ulivyosema watu chini wamekuwa punje za mchele. Kasema alikupa kofia yake ile ngumu ya njano uishike kwa mikono miwili isije ikaanguka ikaua mtu, na wewe hukuiachia mpaka mkafika chini, vidole vimekufa ganzi. Kasema hakumwambia mtu kwa sababu wakubwa wa bandari wangemfukuza kazi.

Haya, umejibiwa. Toa makasia, mwanangu, hebu toa makasia. Nimefunga duka leo, nimekaa na simu tu.

Shangazi yako anayekupenda


Alhamisi, tarehe 13, jioni

Shangazi,

Hakunipandisha hata siku moja.

Nilimwomba tangu nilipojua kusema mpaka nilipoota matiti. Kila mara jibu moja, kule juu si pa mtoto. Siku niliyokwenda kinyemela nikakamata ile ngazi alinichapa mbele ya wenzake. Angekuwa hai, ungemwuliza swali lile, angesema mwambie aache uongo. Maneno matatu tu. Nilikuwa nayasubiri hayo matatu tangu jana nikiwa nimeshika mpini.

Hadithi yako nzuri. Nimeisoma mara nyingi. Nilitamani iwe kweli.

Usiniandikie tena kwa jina lake.

Mkaidi


Ijumaa, tarehe 14

Mkaidi,

Umenikamata. Sasa kaa chini usome, na safari hii hakuna pambo, sina nguvu ya pambo.

Jumatano ulipoandika swali lako, baba yako alikuwa hai, na bado yu hai hivi ninavyoandika. Ila siku hiyo mchana kifua kilimbana tena wakamchukua hospitali. Kawekewa mpira mdomoni unaompumulia. Haongei. Macho yamefungwa. Swali lako limenikuta kwenye benchi la chuma nje ya wodi, pembeni yangu mwanamke anakula machungwa na kunisimulia ugonjwa wa mumewe, na mimi, mimi wa maneno mengi nikanyamaza, sikumjibu hata neno. Niliingia nikamwuliza kaka yangu sikioni. Nilimwuliza kweli. Nikashika mkono wake nikasema kama ni kofia finya mara moja, kama ni kitu kingine finya mara mbili. Hakufinya.

Ningekwambia hawezi kuongea, ungesema shangazi kabuni. Nikabuni ili usiseme nimebuni. Akili yangu iliishia hapo, mwanangu, shule niliacha mapema na hesabu ya aina hii hawakutufundisha.

Daktari hana maneno mazuri. Sikufichi.

Lakini sikuombi uamini. Nimechoka kukuomba uamini, ni kama kumpigia pasi mtu nguo akiwa amezivaa. Haya, chukua yako. Amekufa. Nasema mimi dada yake, amekufa, tumemzika na shati la bluu. Sasa niambie, nani kakwambia ulale humo sandukuni? Ulipoondoka alikuwa amekununia, hata mlango hakufungua, na ulivuta. Ulivuta na mawimbi yakakupindua ukajinyanyua, ukaniandikia kwamba umepoteza sufuria. Ulikuwa unamvutia nani siku ile? Sufuria?

Unajua kinachoniuma? Unamfikiria aliyekaa kwenye kiti, humfikirii aliyekileta kiti dirishani. Nilitaka kuandika usije kwa ajili yangu, mimi nina pasi yangu na mdomo wangu vinanitosha. Nimefuta. Uongo huo pia. Njoo kwa ajili yangu. Ndugu yangu anakwenda, na nyuma yake mtu wangu ni wewe tu, na wewe umejifungia sandukuni unasubiri miamba. Nitazika wangapi mwezi huu?

Una hasira na mimi? Vizuri. Hasira ni chakula. Shika mpini, vuta mara moja, uniite mwongo. Vuta tena, uniite kidomodomo. Jirani wa juu ananiita redio ya mbao, hilo nakupa bure. Tukana mpaka yakuishie, ila kila tusi na kasia lake. Ukifika nitukane uso kwa uso, sitajibu, naapa, nitafunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Upepo ni Jumapili.

Dada wa baba yako


Jumapili, tarehe 16

Shangazi,

Nimekutukana tangu Ijumaa. Yale ninayoyajua mimi yaliisha Jumamosi asubuhi, nikaanza kuyatunga. Nimekuita pasi iliyokosa mkaa. Nimekuita shuka la mwenye duka la dawa. Usiku nimekuita majina ambayo nikifika itabidi niombe radhi kwa ukoo mzima.

Upepo umenikuta nimeshavuka ile sehemu mbaya. Mwangalizi kaniandikia neno moja, "umepita", na mimi nimelia, machozi yakaingia kwenye midomo, yakauma.

Mkono wa kulia kidole kimoja kimekuwa cheusi. Nimekifunga na cha pili yake. Nilipovuta kwa nguvu kiti changu cha mashua kikang'oka kwenye reli yake, nikakipigilia kwa kisigino cha kiatu huku nikikutaja. Hakuna raha hapa, nisije nikakudanganya. Sivuti kwa moyo mkunjufu. Navuta kwa sababu umenikasirisha na kwa sababu ya hilo benchi la chuma, ambalo halinitoki kichwani. Wewe umekaa kimya pembeni ya mtu anayeongea. Sikuwahi kuliona jambo hilo maishani.

Kuhusu baba, sikuulizi tena. Usiniambie kitu, kizuri wala kibaya. Sitajua kipi ni kipi, na nikianza kupima maneno yako mikono inasimama. Niandikie ya mtaa tu. Niandikie mashuka.

Mkaidi


Jumanne, tarehe 18

Mwanangu,

Ya mtaa umetaka, ya mtaa nakupa.

Jirani wa juu viatu vyake vimenyamaza. Kavipaka mafuta ya kupikia, kateleza ngazini, kashuka ghorofa nzima kwa makalio. Sasa na yeye anakaa kwa zamu, upande huu halafu upande ule, nimemwambia mnaweza kuandikiana. Mwenye duka la dawa na mkewe mashuka yamerudi kapu moja. Mwalimu mkuu kaja kuchukua suruali yake, nikamwambia haijawa tayari, akaniangalia usoni, akasema hana haraka nayo, akaondoka. Yule ambaye hajawahi kuniachia hata kifungo.

Duka sikulifungua jana. Leo nimefungua nusu mlango. Nimepiga pasi shati moja tu, jeupe, la pamba, kola laini. Limenichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nikimaliza mkono huu naona mwingine umejikunja, nanyunyiza maji, naanza upya. Unajua mimi mashati huwa nayamaliza nikiwa naongea. Leo hakukuwa na wa kuongea naye.

Matusi yako nimeyasoma yote. Shuka la mwenye duka la dawa ni kali, umerithi kwangu.

Kula. Mwangalizi anasema huli vizuri.

Shangazi


Alhamisi, tarehe 20, alfajiri

Shangazi,

Naiona nchi. Nimegeuka kuangalia na ipo, mstari wa kijivu na taa moja inayowaka na kuzima. Sikushangilia. Niliangalia tu kisha nikageuka nikaendelea, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Nilikwambia usiniambie. Leo siwezi kuingia humo nikiwa sijui. Lakini maneno hapana, maneno yetu mimi na wewe yameharibika, hata "karibu" yako nitaigeuza nione ndani kuna nini. Kwa hiyo usiandike. Nimewaza hivi usiku kucha.

Kama baba bado yupo kwenye hicho kitanda, wewe hutatoka pembeni yake. Nakujua. Hata ningekuwa nawasili na taji la dhahabu, ungekaa kwenye benchi. Basi nikiingia nisikuone gatini, nitafurahi, nitakimbia mpaka hospitali na hii miguu isiyojua kutembea.

Na kama hayupo, njoo usimame nikuone.

Hilo huwezi kulisema vibaya, na mimi siwezi kulisoma vibaya.

Mkaidi


Alhamisi, tarehe 20, mchana

Mwanangu,

Umesema nisiandike. Nilijaribu. Nimesimama tangu asubuhi nimeshika simu, nimeirudisha mfukoni, nimeitoa.

Mwangalizi yuko pembeni yangu na darubini yake. Kanionyesha kijidoa. Kaniambia mlango wa bandari leo una mawimbi mabaya, yanavunjikia pande zote mbili, na kwamba mpiga makasia anaingia ametupa mgongo, haoni anakokwenda, kila akigeuza shingo kutafuta watu mkono mmoja unalegea na mashua inalala ubavu. Hapo ndipo wanapopotea watu, kasema, hatua chache kabla ya kurushiwa kamba, kwa kutafuta sura. Nikamwambia, basi huyu wangu ana sura anayoitafuta.

Kwa hiyo naandika, ili usinitafute.

Niko gatini. Mwisho kabisa, penye ngazi za mawe zinazoshuka majini. Nimevaa gauni la njano, nimejifunga kitenge kiunoni kisipeperuke. Mwenye boti la kuvuta vyombo kaniuliza, mama, unamsubiri nani kwenye upepo huu? Nikamwambia mtu wangu. Hakuuliza tena, na mimi sikuongeza.

Nimefika mapema na siondoki. Hakuna mahali pengine ninapotakiwa.

Usigeuke, mwanangu. Nipo. Angalia maji, uvute.

Shangazi yako